Greda Limepita, Sisi wa Miguu Je?

Jana alfajiri nilisikia chuma kikikwangua lami nikiwa bado ndani ya blanketi. Nilipotoka, mtaa wetu hapa Minneapolis, Marekani, ulikuwa mweusi tii, kana kwamba theluji ya usiku tuliiota tu. Nikafika kituo cha basi. Theluji yote iliyosukumwa na greda ilikuwa imerundikwa pale pale wanapopandia watu, inafika magotini, na imeshaganda. Basi likaja, likasimama ng'ambo ya rundo, mlango ukafunguka. Mama mmoja wa Kikongo, ambaye kila siku tunapanda naye basi hilo, akaniambia, "Kaka, nikamate mukono." Yeye alivuka kwa miguu. Mimi nilivuka kwa makalio.

Kwa upande wa magari, mji huu kazi wanaijua. Theluji ikizidi hutangazwa hali ya dharura, na ratiba ya kuondoa magari ili greda lipite ni ya siku tatu. Siku ya kwanza, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi, ni marufuku kuegesha kwenye barabara zilizowekewa alama za dharura. Kesho yake, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, mitaa iliyobaki unaondoa gari upande wa nyumba za namba shufwa. Siku ya tatu, saa zile zile, upande wa witiri. (Shufwa na witiri nilidhani nimeviacha shule ya msingi.) Ukisahau, gari linavutwa na unatozwa faini. Msimu wa 2022 kuingia 2023 theluji ilianguka zaidi ya mita 2 kwa jumla, mitaa ikabana hadi maegesho ya upande mmoja yakapigwa marufuku kwa wiki kadhaa. Watu walinung'unika, lakini magari ya zimamoto yalipita.

Njia ya waenda kwa miguu, hiyo ni mzigo wa mwenye nyumba. Nyumba ya kawaida ina saa 24 tangu theluji ikome. Majengo ya fleti na ya biashara yana muda wa saa nne tu za mchana. Ukiisoma sheria utasema sawa. Nenda sasa ukaitembee. Huyu amekimbilia joto la Florida, yule ana miaka 80 na mgongo haumruhusu kushika koleo, mwingine hajali tu. Nyumba tisa zikisafishwa na ya kumi ikaachwa, aliye kwenye kiti cha magurudumu hajafika popote. Kama ana ujasiri, anashuka barabarani kugombania njia na magari.

Theluji isiyoondolewa mapema hukanyagwa, ikikanyagwa inakuwa barafu, na hapo ndipo watu wanapoanza kumwaga chumvi. Chumvi ina mpaka wake. Baridi ikizidi nyuzi 10 za Selsiasi chini ya sifuri, inayeyusha kwa kusuasua, na watu badala ya kuacha wanaongeza. Theluji ikija kuyeyuka, chumvi hiyo huteremka hadi kwenye maziwa tunayojivunia, na ikishaingia humo kuitoa ni shughuli. Koleo la mapema lingetuepusha na mengi.

Hoja ya kwamba haiwezekani siikubali, kwa sababu kuna wanaofanya. Montreal, kule Kanada, ambako wako ndugu zetu wengi wa Burundi na Kongo, mji wenyewe ndio unaopeleka vimashine vidogo kwenye njia za miguu. Baadaye theluji hupakiwa kwenye malori na kuondolewa kabisa, baada ya king'ora kulia mtaani kukuonya uondoe gari. Karlskoga, kule Uswidi, waligeuza zamu tu: wakaanza na njia za miguu na za kuelekea shule za chekechea, barabara kubwa zikafuata. Gari lina uwezo wa kupita kwenye theluji ya sentimita chache. Mama anayesukuma kigari cha mtoto hana.

Najua mashine ni pesa. Basi waanze na vituo vya basi na kona za kuvukia tu, maana hata sisi wapangaji kodi ya majengo tunailipa, imefichwa ndani ya kodi ya nyumba.

Leo asubuhi nimekuta mtu amechonga vidato viwili kwenye lile rundo, kama ngazi ya kwenda darini. Mama wa Kikongo alikuwa ameshapanda, ananinyoshea mkono.