Mzee Akilegea Upande Mmoja, Angalia Saa Kwanza

Kiharusi tunakiona mkononi na mguuni, lakini kilichoharibika ni ubongo. Ubongo ni asilimia 2 hivi ya uzito wa mwili, ila hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, tena hauna akiba. Mshipa mkubwa ukiziba, seli za neva zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika.

Mshipa huweza kuziba kwa damu iliyoganda, au kupasuka damu ikamwagika ndani. Kwa macho huwezi kutofautisha. Kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, ndicho huonyesha. Ndiyo maana napinga kabisa tabia ya kumpa mgonjwa aspirini nyumbani. Kama mshipa umepasuka, umemzidishia kuvuja damu. Vidonge vya presha vya kuazima kwa jirani navyo viacheni: presha ikishuka ghafla, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikipata damu kidogo huikosa hata hiyo. Uji na maji pia msimpe, kwa sababu koo likilegea chakula huingia mapafuni, na nimonia huua wengi walionusurika siku ya kwanza.

Kutambua kiharusi, mwambie mgonjwa afumbe macho, anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu, uhesabu hadi kumi. Mkono dhaifu hushuka polepole huku kiganja kikigeukia ndani. Mwombe atabasamu, kisha aseme, “Leo tunakula matoke na karanga.” Upande wa kulia ukilegea, hitilafu iko kushoto mwa ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko lugha iliko. Anaweza kuwa anakusikia vizuri ila neno halitoki. Jamani, hayo si mapepo.

Andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu hapo. Aliyeamka na kiharusi huhesabiwa tangu alipolala. Si kila hospitali Uganda ina dawa hiyo au mashine ya CT, kwa hiyo pigeni simu kuuliza kabla ya kuondoka. Kodini gari, alale ubavu. Kwenye boda mguu uliolegea hunaswa na spoku. Mkifika, ombeni apimwe sukari mara moja, maana sukari ikishuka sana huiga kiharusi, na hiyo hutibika kwa dakika chache.

Dalili zikitoweka zenyewe baada ya dakika 20, nendeni siku hiyo hiyo. Kiharusi kikubwa huweza kufuata ndani ya siku 2.