Kitambaa cha Jikoni

Mjomba alilipinga jina tangu siku ya kwanza. "Mbwa wa kuwinda humwiti Risasi," alisema. "Siku akipotea porini utapita ukipiga kelele 'Risasi! Risasi!' na wawindaji wote watalala chini." Nikakataa kusikia. Mtoto mwenyewe alikuwa na wiki nane, masikio yamemzidi uso, na ndiyo kwanza alikuwa amekojolea kiatu changu. Nikaona angalau jina liwe kali.

Mjomba amefuga mbwa wa kuwinda tangu ujana wake, na ana masharti mengi kuliko mganga. Usimwite mbwa halafu ukamgombeza, maana kesho haji. Akikimbia usimfukuze, atadhani ni mchezo. Wewe kimbilia upande wa pili, atakufuata. (Hili nililijaribu mbele ya majirani. Risasi alikaa chini akanitazama nikitokomea.) Mshindo mzoeshe polepole: gonga sufuria ukiwa mbali wakati anakula, kila siku usogee kidogo. Na sharti kuu: akikuletea kitu mdomoni, hata kama ni kiatu chako kipya, kipokee kwa furaha na umsifu papo hapo. Ukimkaripia, siku ya siku ataokota windo akalile peke yake vichakani.

Alipotimiza miezi minne meno ya utoto yakaanza kung'oka. Yalikuwa yanaondoka 28, yanakuja 42, na yote nayagharimia mimi: mguu wa kiti, mpini wa ufagio, kandambili tatu, zote za kushoto. Ikawa nyumbani kikiharibika kitu chochote, haulizwi mtu. Anaitwa Risasi.

Ndipo ukaja usiku wa nyama. Mke wangu alikuwa amepika akaweka akiba kwa ajili ya wageni. Nikala kipande kimoja. Nikala cha pili, cha kwanza kisijisikie mpweke. Nilipokuja kushtuka, natazamana na tako la sufuria. Mifupa nikaifunga kwenye kitambaa kilichokuwa karibu, nikapiga fundo, nikaificha nyuma ya ghala.

Asubuhi, kelele. Nikamtazama Risasi. Risasi akanitazama. "Mbwa huyu!" nikasema, natikisa kichwa kwa masikitiko.

Nilidhani yataishia hapo. Kumbe mke wangu hakukasirika, aliogopa. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, unaweza kumtoboa mbwa utumbo. Siku nzima alimfuata nyuma, akimpapasa tumbo, akikagua kila anachokunya. Nami nimekaa hapo najua kabisa tumbo lenye kesi ni la nani.

Kesho yake mjomba akaja kuona zoezi la kunusa. Unafunga ngozi ya sungura kwenye kamba, unaiburuta nyasini, unaiacha mwisho wa njia, kisha unamleta mbwa aifuate. Mjomba alikuwa ameniagiza kamba niifunge kwenye ufito mrefu, ili ngozi ipite pembeni, mbali na nyayo zangu. Nikaona hayo ni mambo ya uzee. Tena nilikuwa na haraka, kwa sababu nafasi ya kuhamisha ile mifupa ndiyo ilikuwa hii: nani atamshuku mtu anayezunguka vichakani na ngozi ya sungura? Ngozi nikaiacha kwenye kisiki, nikaenda mbele hatua kadhaa, nikasukumia kifurushi chini ya kichaka.

Risasi alianza vizuri mno. Pua chini, mkia juu, kamba yake ndefu imekaza. Mjomba akawa anaguna kwa kuridhika. Mke wangu, aliyekuja kumwangalia mgonjwa wake, akapiga makofi. Kufika kwenye kisiki, Risasi akainusa ngozi, akaona haina jipya, akaendelea.

"Anakwenda wapi?" mjomba akauliza.

"Amechoka huyu. Tumrudishe."

"Legeza kamba."

Alitoka kichakani na kifurushi mdomoni, kakishika kwa ulaini kama kashika yai, jambo ambalo nilimfundisha miezi miwili bila mafanikio. Akanipita. Akakitua miguuni pa mke wangu, akakaa.

Mke wangu alikitambua kitambaa chake kabla hajainama. Akalifungua fundo taratibu. Akaihesabu mifupa, mmoja mmoja.

"Baba watoto," akasema kwa sauti ya chini, ile ninayoiogopa. "Mbwa wako amejifunza lini kufunga fundo?"

Mjomba mawazo yake yalikuwa bado kwenye zoezi. "Ufito!" akafoka. "Nilikwambia utumie ufito! Umeiburuta ngozi juu ya nyayo zako, sasa umemfundisha kukuwinda wewe." Kisha akamnyooshea kidole Risasi, aliyekuwa ametulia tuli, anangoja haki yake. "Haya, upesi, kabla hajasahau amefanya nini. Msifu."

Nikapiga goti mbele ya mke wangu, nikampapasa Risasi kichwani.

"Vizuri," nikasema. "Vizuri sana, mwanangu."