Mjusi alikwenda Berlin, sasa mbegu za mti wa Kilwa ziko Marekani: tumeibiwa au tumesaidiwa?

Kwa mtu wa Lindi, stori ya mali yetu kwenda nje inaanzia Tendaguru, kilima cha huku Lindi chenye mifupa ya dinosaria, yule mjusi mkubwa wa kale. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 mpaka 1913, mifupa ikabebwa na wazee wetu vichwani na mabegani kutoka porini mpaka bandarini, na leo mjusi kasimama kwenye jumba la makumbusho Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu, wenzetu wanakata tiketi kumwona sisi tunamwona kwenye simu. Kwa hiyo mtu akiuliza kwa hasira kwa nini mbegu za mti adimu wa Kilwa nazo zimepelekwa Marekani, mimi simshangai kabisa. Ila hapa naona tunachanganya mambo mawili.

Mti wenyewe wanauita Karomia gigas. Ni mti mrefu, unapita mita 20, na tunda lake limezungukwa na kitu chepesi kikavu kama karatasi. Uliokotwa mara ya kwanza pwani ya Kenya 1977, miaka michache baadaye ule mti ukakatwa. 1993 ukaonekana tena kwenye kipande kidogo cha msitu huku kwetu, kilomita kama 600 kutoka kule, wataalamu wakarudi kuutafuta wakaukosa, watu wakajua basi umeisha. Mpaka 2011 watu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta Kilwa ukiwa hai. Leo uko kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kwenye daraja la hatari kubwa kabisa, ukitoka hapo ni kutoweka porini na kisha kutoweka moja kwa moja.

2018 ndio mbegu zikakusanywa, TFS, wakala wetu wa huduma za misitu, wakishirikiana na bustani ya mimea ya Missouri iliyopo St. Louis, Marekani. Kazi ilikuwa ngumu maana fangasi wanaziharibu mbegu za mti huu kabla hazijaota, zilizofanikiwa ni chache tu, zikakuzwa kwenye nyumba za vioo huko Marekani na baadae mti ukatoa ua, ua ambalo hata wataalamu walikuwa hawajawahi kuliona.

Na hapo ndio panauma. Ua la mti wa Kilwa linafunguka mara ya kwanza mbele ya macho ya wanasayansi na halifunguki Kilwa! Halafu kuna suala la sheria ambalo wengi hawalijui, Mkataba wa Bayoanuwai unaosema nchi ina haki juu ya mimea yake na inatakiwa inufaike nayo, Marekani iliusaini 1993 ila mpaka leo haijauridhia. Sisi tumo, wao hawamo. Kwa hiyo anayeuliza kesho ikionekana mti una dawa ndani yake tutadai wapi, huyo anauliza swali la maana na anastahili jibu lililoandikwa kwenye karatasi, sio maneno ya semina.

Lakini angalia upande wa pili. Mfupa ukiondoka Tendaguru, Tendaguru haupo tena. Mbegu ikiondoka, mti mama unabaki umesimama pale pale, na ukianguka kesho bado kuna mtoto wake mahali. Tuna mfano wa karibu sana, mti mwingine wa huku, Erythrina schliebenii, wenye miiba kwenye shina na maua mekundu. Ulijulikana tangu miaka ya 1930, ikafika 1998 ukatangazwa umetoweka, 2001 ukapatikana kwenye msitu mdogo, 2008 msitu ule ukafyekwa kupisha mimea ya mafuta ya magari. Ni bahati tu kwamba 2011 ulikutwa tena. Bahati! Mti mzima, aina nzima, unategemea bahati, na mimi kwa kweli nikichagua kati ya bahati na nyumba ya kioo ya mtu mwingine nachagua nyumba ya kioo.

Sasa adui mkubwa wa misitu hii kwa hesabu yangu hakai Missouri, yuko kwenye mnada wa ufuta. Naongea kwa heshima maana ufuta ndio unasomesha watoto huku. Mkulima anajua kabisa shamba jipya lililotoka porini mwaka wa kwanza halina magugu mengi, udongo una nguvu, halihitaji mbolea, na ikifika mwezi wa sita marobota yamesimamishwa yanakauka, anayageuza juu ya turubai anakung'uta, ufuta unamwagika mweupe, anapeleka ghalani anasubiri bei. Baada ya misimu michache udongo unachoka, anasogea mbele, panga na kiberiti. Utamwambia aache kwa ajili ya mti ambao haujui, hauna mbao anayoiuza wala tunda analokula? Kumfukuza kwa mgambo kunasaidia kwa muda tu, na kunajenga chuki na msitu wenyewe.

Kilwa hiyo hiyo imeshaonyesha njia nyingine. Vijiji kama Kikole vilipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha usimamizi mzuri wa msitu, 2009 kwa msitu wao wa kijiji, mbao kama za mpingo zinauzwa kihalali na hela inarudi kijijini, na watu wanalinda kwa sababu ni mali yao. Shida ni kwamba mpingo una soko na huu mti hauna. Kwa hiyo lazima mtu alipe, na wa kulipa ni hao hao wenye hamu nao, bustani za nje pamoja na serikali yetu.

Ndio maana sioni faida ya kudai mbegu zirudishwe kesho. Mimi ningedai mkataba uwekwe wazi kwa vijiji husika, kitalu kijengwe Kilwa na vijana wa pale wafundishwe namna ya kupambana na hao fangasi, na mishahara ya walinzi wa msitu iwepo kwa miaka, sio kwa mradi wa miezi kumi na nane. Na hilo la mishahara lianze kwanza, kabla ya kitalu, kwa sababu msimu wa kufyeka unakuja kila mwaka.