Ubia wa Safari za Anga: Nani Anaweza Kusema Hapana?

Agosti 24, 2024, wakuu wa NASA, shirika la anga la Marekani, walitangaza kwamba chombo cha Starliner kingerudi duniani kitupu. Boeing, kampuni iliyokiunda, ilishikilia kwamba kilikuwa salama vya kutosha kuwabeba Butch Wilmore na Suni Williams. Wanaanga hao wawili walikuwa wameondoka Juni 5 kwa safari ya siku nane hivi. Njiani heliamu ikavuja, na chombo kilipokikaribia Kituo cha Kimataifa cha Anga, injini ndogo tano kati ya 28 za kukielekeza zikagoma. Mwezi uliofuata Starliner kilitua salama New Mexico bila mtu ndani. Wilmore na Williams walikaa angani siku 286, wakarudi Machi 2025 ndani ya Dragon, chombo cha kampuni nyingine, SpaceX.

Wanaoutilia shaka ubia wa serikali na sekta binafsi angani hukitaja kisa hiki: kampuni ilipewa mabilioni ya umma, ikaleta chombo chenye kasoro. Wanaouunga mkono nao hukitaja: mmoja aliteleza, mwenzake akaokoa jahazi. Kwangu mimi, uzito wa kisa uko kwenye uamuzi wenyewe wa Agosti 24. Uliwezekana kwa sababu mnunuzi alikuwa na wahandisi wake wenye ujuzi wa kubishana na muuzaji, na alikuwa na chombo cha pili cha kugeukia. Ondoa moja kati ya hayo mawili, na wanaanga wale huenda wangepanda Starliner kwa kukosa njia nyingine.

Kampuni binafsi hazikuingia angani jana. Chombo kilichotua Mwezini mwaka 1969 kiliundwa na Grumman, na kile kilichowarudisha wanaanga nyumbani kiliundwa na North American. Kilichobadilika ni nani mwenye mali na nani anabeba hasara. Zamani serikali ilisimamia usanifu, ikalipa gharama zote hata zikipanda, kisha ikaongeza faida ya mkandarasi juu yake. Kuanzia mwaka 2006, kwa safari za mizigo kwanza, NASA ilianza kutumia utaratibu mwingine: inataja inachohitaji, kampuni inasanifu na kumiliki chombo, na serikali inalipia huduma kwa bei iliyokubaliwa.

Upande wa akiba, hoja ya ubia ni nzito. Mwaka 2011 NASA ilitumia hesabu zake yenyewe kukadiria ingegharimu kiasi gani kuunda roketi ya Falcon 9 kwa utaratibu wa zamani. Jibu lilikuwa karibu dola bilioni 4. SpaceX ilikuwa imetumia takriban dola milioni 300. Linganisha na SLS, roketi ya safari za Mwezi iliyoagizwa na Bunge la Marekani mwaka 2010 na kujengwa kwa mikataba ya kulipa gharama zote: mwaka 2022 mkaguzi mkuu wa NASA alikadiria kwamba kila mruko wa roketi hiyo pamoja na chombo cha Orion ungegharimu dola bilioni 4.1.

Tena kuna suala la kujitegemea. Space Shuttle ilipostaafu Julai 2011, Marekani ilibaki bila chombo cha kubeba watu, ikanunua viti kwenye Soyuz za Urusi kwa bei iliyopanda mwaka hadi mwaka, mpaka Dragon ilipowabeba Bob Behnken na Doug Hurley Mei 30, 2020. Na Boeing ilipochelewa kukamilisha Starliner, hasara iliyozidi dola bilioni 2 ikaangukia vitabu vyake yenyewe. Kwa mkataba wa zamani, mlipakodi ndiye angeibeba.

Hata hivyo, bei isiyobadilika inaweza kubadilika. Ukaguzi wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa NASA ilikubali kuiongezea Boeing dola milioni 287 juu ya bei ya mkataba, kwa hofu ya kukatika kwa safari za wanaanga. Hapo ndipo udhaifu wa mfumo huu unapoonekana: mnunuzi mwenye haraka na wauzaji wachache hana nguvu ya kushikilia bei, hata karatasi iseme nini.

Udhaifu huo unakua kadiri safari inavyokwenda mbali. Falcon 9 ilikuwa na wateja wengi, kwa sababu satelaiti za mawasiliano zinahitajika na makampuni na serikali kote duniani. NASA ilikuwa mteja mmoja miongoni mwao. Chombo cha kutua Mwezini kitauzwa kwa nani mwingine? SpaceX ilipewa dola bilioni 2.89 kwa kazi hiyo mwaka 2021, na Blue Origin dola bilioni 3.4 mwaka 2023. Zote mbili zinaongeza fedha zao nyingi juu ya hapo, kwa sababu wamiliki wao wana ndoto zao wenyewe na mifuko mirefu. Ndoto ya tajiri ni msingi wa kweli, sikatai, ila si soko, na inaweza kubadilika mwenyewe akibadilika. Kampuni isiyo na ndoto ya namna hiyo hufanya hesabu na kuondoka. Collins Aerospace, moja kati ya mbili zilizopewa kazi ya suti mpya za wanaanga mwaka 2022, ilijiondoa mwaka 2024. Ikabaki Axiom peke yake.

Juni 5, 2025 tuliona jinsi hali ilivyoweza kuwa. Katika ugomvi wake na Rais Donald Trump, Elon Musk, mwanzilishi wa SpaceX, aliandika kwamba SpaceX ingeanza kuiondoa Dragon kwenye huduma. Aliyarudisha maneno yake baada ya saa chache. Lakini siku hiyo Dragon ndiyo ilikuwa chombo pekee cha Marekani kinachopeleka watu kwenye Kituo cha Anga, ambako binadamu wameishi mfululizo tangu Novemba 2000. Ugomvi wa watu wawili uligusa maisha ya watu walio juu ya vichwa vyetu. Jambo hilo linanikera mpaka leo.

Wapo watakaosema: basi turudishe kila kitu mikononi mwa serikali. Historia haikubali. Usiku wa kuamkia kuruka kwa Challenger, chombo cha NASA, Januari 1986, wahandisi wa Morton Thiokol walionya kwamba baridi ingedhoofisha mipira ya kuziba maungio ya roketi. Wakubwa wao waligeuza msimamo baada ya kusukumwa na maofisa wa NASA, na watu saba wakafa. Chombo kilikuwa cha umma na shinikizo lilikuwa la umma. Tofauti iko kwenye yaliyofuata: tume iliwahoji wahusika hadharani na yaliyogunduliwa yakawa mali ya kila mtu. Michoro na data zikiwa siri ya biashara, uwazi huo lazima uandikwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza. Mkataba wa Anga wa mwaka 1967 unaipa serikali wajibu wa kuidhinisha na kusimamia shughuli za kampuni zake angani. Huwezi kusimamia usichoruhusiwa kukiona.

Kwa roboti, naunga mkono ubia bila kusita. Kati ya vyombo vinne vya kampuni vilivyotumwa Mwezini chini ya mpango wa NASA wa kupeleka vifaa, kati ya Januari 2024 na Machi 2025, kimoja hakikufika, viwili vilianguka ubavu, na Blue Ghost pekee ndicho kilitua wima. Kushindwa huko kunavumilika kwa sababu hakuna aliyekufa. Kwa kubeba watu hadi mzingo wa karibu na dunia, ubia umeshathibitika. Kwa Mwezi na mbele yake, ninaukubali kwa sharti gumu: serikali ilipie njia mbili hata wabunge wakiona ni ghali, na isiwaachie kampuni wahandisi wake wote.

Mtihani unaofuata ni makazi. Kituo cha Kimataifa kinatarajiwa kushushwa baharini mwanzoni mwa miaka ya 2030, na mwaka 2024 SpaceX ilipewa mkataba wa hadi dola milioni 843 kuunda chombo cha kukishusha. Baada ya hapo NASA inataka kuwa mpangaji kwenye vituo vya kampuni, ilhali China inaendelea na Tiangong, kituo cha serikali. Northrop Grumman, iliyokuwa miongoni mwa waliofadhiliwa mwaka 2021 kusanifu kituo chake, iliacha mpango huo mwaka 2023 na kujiunga na wa mwenzake. Utafiti wa kudhoofika kwa mifupa katika miezi mingi bila uzito hauna mteja wa kibiashara anayeusubiri. Kama NASA ndiye mpangaji pekee, kodi yake ndiyo italazimika kubeba jengo zima, na mwenye jengo atalijua hilo siku ya kujadili bei.