Lori la haidrojeni Dodoma: hesabu ya umeme na hesabu ya hewa

Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni kama kilomita 450. Lori kubwa la seli za haidrojeni, yaani vifaa vinavyounganisha haidrojeni na oksijeni ya hewa ili kuzalisha umeme, litahitaji takriban kilo 40 za gesi hiyo kumaliza safari, na kuzipata kilo hizo kwa kutenganisha maji kwa umeme kunakula zaidi ya yuniti 2,000. Lori la betri litafika kwa yuniti 600 au 700. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za wanaopinga haidrojeni, na sioni namna ya kuikwepa. Tena treni ya umeme ya SGR imeshafika hapa Dodoma tangu 2024.

Wanaoitetea nao wana la kusema. Betri ya kuvuta semi-trela ina uzito wa tani kadhaa, na kila tani ya betri ni tani ya mzigo iliyoachwa bandarini. Shehena nyingi za Rwanda, Burundi na Kongo bado zinapita barabarani, Dodoma hadi Singida na kuendelea, na dereva hawezi kukaa saa nyingi akisubiri chaji. Kwenye uzito na muda, wako sahihi.

Kinachonisumbua ni kwamba pande zote mbili hulizungumzia gari hili kana kwamba likishanunuliwa litatembea popote. Halitatembea hivyo. Seli moja ikiwa kazini hutoa volti 0.6 au 0.7 tu, ndiyo maana hupangwa mamia kwa pamoja, na zote zinahitaji kuongozwa kila sekunde. Dereva akikanyaga mafuta mlimani, umeme unadaiwa papo hapo, lakini oksijeni huletwa na kompresa, mashine ya kusukuma hewa, ambayo huchukua muda kuongeza kasi, na kompresa hiyo inaendeshwa na umeme wa seli zilezile. Oksijeni ikipungua ndani, volti huporomoka na kichocheo cha platinamu, kinachoharakisha muungano wa gesi hizo, huanza kuharibika. Kwa hiyo kidhibiti, yaani kompyuta inayoongoza seli, hulazimika kuzuia umeme usidaiwe kwa pupa, betri ndogo ibebe mshtuko wa mwanzo, na hewa itangulizwe kabla haijahitajika. Kutanguliza huko hakuwezekani bila modeli: hesabu inayokadiria yanayotokea ndani ya seli, mahali ambapo vihisi havifiki.

Modeli nyingi zinazotumika zinafuata ile iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni kazi nzuri sana. Lakini Ann Arbor, mji wa chuo hicho, iko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, na Dodoma iko juu ya mita 1,100. Shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko usawa wa bahari, hivyo kompresa, ambayo hata kwingineko huweza kula zaidi ya asilimia 10 ya umeme wa seli, itafanya kazi zaidi. Hewa yetu ya kiangazi ni kavu, na utando wa seli, tabaka jembamba lililo katikati yake, ukikauka hupitisha umeme kwa shida. Ukimwagiwa unyevu kupita kiasi, maji huziba njia za gesi. Joto nalo ni tatizo. Injini ya dizeli hutupa sehemu kubwa ya joto lake kupitia ekzosi, ila seli, zinazofanya kazi kwenye nyuzi 80 hivi, hulisukuma karibu lote kwenye rejeta. Ongeza vumbi la Manyoni, njiani kwenda Singida, kwenye chujio la hewa.

Msimamo wangu ni huu: tusinunue malori hayo sasa, ila tuanze sasa kutengeneza modeli zake. Wapo watakaosema modeli bila mtambo ni kubahatisha, na wana haki, kwa sababu kubadilisha namba ya shinikizo kwenye kompyuta hakutoshi. Basi iwepo benchi ndogo ya majaribio, seli za kilowati moja au mbili, pale Chuo Kikuu cha Dodoma. Gharama yake haifikii ya lori moja, na ujuzi wa udhibiti utawafaa vijana hata kama haidrojeni itashindwa, maana betri na mitambo ya umeme wa jua inadhibitiwa kwa hesabu za aina hiyohiyo. Kipimo cha kwanza kiwe cha kompresa na unyevu wa utando, mwezi Oktoba, saa nane mchana, jua likiwa kali.