Mwalimu wa kwenye skrini haoni daftari

Mwaka 2004 Salman Khan, Mmarekani aliyekuja kuanzisha Khan Academy, shule ya bure ya mtandaoni, akiwa Boston alianza kumfundisha hesabu binamu yake Nadia aliyekuwa New Orleans. Ndugu wengine nao wakataka, muda ukawa hautoshi, na mwaka 2006 akaanza kurekodi masomo na kuyapakia YouTube. Khan amesimulia jinsi binamu zake walivyompokea: walimpenda zaidi kwenye video kuliko ana kwa ana. Video unaisimamisha, unairudisha nyuma mara kumi, na hakuna anayekusonya.

Kwa mwanafunzi wa Tanzania jambo hilo lina uzito wa pekee. Shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza kila kitu kinageuka Kiingereza. Aliyekuwa akijua usanisinuru na mmeng'enyo wa chakula anayakuta mambo yaleyale na majina mapya, na akinyoosha mkono kuuliza kwa Kiingereza cha kubabaisha darasa zima linacheka. Ndiyo maana chaneli za walimu wetu wanaoandika ubaoni kwa Kiingereza huku wakieleza kwa Kiswahili zinapendwa. Wanafanya hadharani kile ambacho walimu wengi hufanya kimyakimya mlango wa darasa ukishafungwa.

Bando ni kikwazo, hilo halina mjadala. Ubongo Kids, katuni za hesabu zilizotengenezwa Dar es Salaam, zilianza kurushwa mwaka 2014 kwenye runinga, na nadhani waliosema zianzie huko waliujua mfuko wa mzazi.

Lakini tuseme bando lipo. Je, anayetazama anajifunza? Derek Muller alilichimba swali hili katika tasnifu yake ya uzamivu kuhusu ufundishaji wa fizikia, Chuo Kikuu cha Sydney, mwaka 2008. Wanafunzi walioonyeshwa video yenye maelezo safi, yaliyonyooka, waliisifu kuwa rahisi kueleweka. Walipopimwa, alama zao hazikuwa zimepanda kwa maana yoyote, ila walizidi kuyaamini majibu yao, hata yale ya makosa. Kundi jingine lilitazama video ambamo mtu anatoa kwanza mawazo potofu ya kawaida, kisha yanapingwa. Hao walilalamika kwamba inachanganya. Na ndio walioongeza alama. Muller alianzisha Veritasium, chaneli ya sayansi ya YouTube, mwaka 2011, na katika video nyingi za mwanzo anawauliza watu barabarani, wanakosea, ndipo anaeleza.

Shida ni kwamba soko haliipendi video inayochanganya. Tangu 2012 YouTube hupendekeza video kwa kuangalia sana muda ambao watu wanakaa wakitazama, na kwa miaka mingi mwenye chaneli alihitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka ndipo aanze kugawiwa fedha za matangazo. Mwalimu anayetegemea fedha hizo atafundisha yale yanayomfanya mtazamaji ajisikie ameelewa. Msimu wa mitihani utamkuta akikokotoa maswali ya miaka iliyopita mstari kwa mstari, na chini yake watu wanaandika, "Mwalimu, leo nimekupata." Huenda wamempata kweli. Yeye hana njia ya kujua, kwa kuwa daftari halioni.

Hapo mtetezi wa chaneli ana jibu zito: katika darasa la wanafunzi themanini, mwalimu aliye hai anaona madaftari mangapi? Sina la kumjibu, na ndiyo maana siwezi kuungana na wanaotaka simu zikae mbali kabisa na vitabu. Ninachokikataa ni kuita saa mbili za kutazama "kusoma". Baadhi ya walimu hawa husema, katikati ya swali, "Simamisha hapa, jaribu mwenyewe kwanza." Ukiwa na kijana nyumbani, kaa pembeni yake siku moja umwangalie mkono wake maneno hayo yanapotamkwa.