Kabla ya kuandika "hakuna utafiti"

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili hapa Moshi alinionyesha rasimu ya tasnifu yake juu ya vihamba vya Wachagga, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba, kahawa na miti. Kwenye mapitio ya maandiko alikuwa ameandika kwamba mada hiyo haijatafitiwa vya kutosha. Nikamwuliza alitafuta kwa neno gani kwenye kanzidata. "Kihamba," akajibu. Hilo tu.

Wapo wanaosema kuhangaika kuchagua maneno ya kutafutia kumepitwa na wakati, na hoja yao ina uzito. Ukiandika jina la kawaida la ugonjwa, PubMed, kanzidata ya makala za tiba, hulioanisha yenyewe na MeSH, orodha ya vichwa vya mada iliyoanzishwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani mwaka 1960. Anayesoma udaktari pale hospitali ya KCMC akiandika malaria tu, hapotei. Na muda ni mali, bando nalo ni pesa.

Lakini malaria huandikwa hivyo hivyo karibu kila mahali. Kihamba sivyo. Mwaka 1984 jarida la Agroforestry Systems lilichapa makala juu ya mfumo huohuo, na kichwa chake kinasema "Chagga homegardens". Wengine hutenganisha, "home gardens". Wengine huandika "Chaga" kwa g moja. Ushirika nao una mtego wake: jina la KNCU (Kilimanjaro Native Co-operative Union), chama cha ushirika kilichoanzishwa 1933, lina kistari katika "Co-operative", waandishi wengine hawakiweki. Na maandiko ya enzi za ukoloni wa Mwingereza utayapata kwa jina la Tanganyika.

Hata mbinu ya kinyota inayofundishwa maktaba, yaani kuweka * mwishoni mwa neno ili miisho yake yote itafutwe, inatutaka tufikiri wenyewe. "Garden*" huleta umoja na wingi kwa sababu Kiingereza hubadilika mwishoni. Kiswahili hubadilika mwanzoni: kihamba, vihamba. Kinyota cha mwishoni hakitakuokoa. Andika yote mawili, uyaunganishe kwa OR, yaani "au".

Kinachoniuma zaidi ni safari ya ile sentensi ya "haijatafitiwa". Msimamizi akiipitisha, mwaka unaofuata mwingine anainukuu, na wa tatu anaijengea utafiti wake. Kisha dodoso linapanda mlimani hadi kwa bibi wa Marangu, anaulizwa ana migomba mingapi, nani atarithi kihamba, miti ipi ya kivuli ameibakiza. Anaacha kukata majani ya ng'ombe ili ajibu maswali ambayo majirani zake walishayajibu, na majibu yao yamekaa kwenye kanzidata chini ya neno ambalo hakuna aliyejisumbua kuliandika. Nusu saa ya kuchagua maneno ni bei ndogo mno mbele ya asubuhi ya huyo bibi.

Tulichukua karatasi, tukachora safu mbili: majina ya mahali na watu upande mmoja, majina ya shamba upande wa pili. Ndani ya kila safu OR, kati ya safu na safu AND, yaani "na". Makala zilipoanza kushuka kwenye skrini, alirudi kwenye rasimu akaifuta ile sentensi mwenyewe.